Kamera ni Mali, Nyuso ni Amana

Katika Kiswahili yako maneno mawili ambayo kwa mbali hufanana na kwa karibu hutengana: mirathi na amana. Mirathi ni kile ambacho mauti hukiondoa mkononi mwa mmoja na kukitia mkononi mwa mwingine, kikawa chake. Amana ni kile ambacho mtu amewekewa na mwenziwe, nacho hakiwi chake hata kikikaa kwake miaka hamsini. Aliyewekewa amana akifa, mrithi wake hairithi amana ile. Hurithi wajibu wa kuirejesha kwa mwenyewe. Juu ya hili mashekhe, wanasheria na wazee wa mila hawana ugomvi. Ugomvi huanza pale ambapo vitu vya namna zote mbili vimetiwa katika sanduku moja, na aliyevitia hayupo tena wa kusema kipi ni kipi.

Sanduku la mpiga picha ni sanduku la namna hiyo.

Na uchukuliwe mfano ambao ungeweza kutokea katika mji wowote wa Nyanda za Juu Kusini. Mzee aliyekuwa na studio yake Mbeya au Iringa, aliyeanza kazi kabla ya uhuru na kuiacha pale picha za rangi na mashine za kusafisha picha kwa saa moja zilipomnyang'anya wateja, amefariki dunia. Shamba limegawanywa na nyumba imepata mwenyewe. Limebaki sanduku la bati, nalo hakuna anayeligombania. Mwishowe hukabidhiwa mpwa ambaye utotoni alikuwa akimshikia mjomba wake taa, kwa hoja kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiipenda kazi ile. Ndani ya sanduku mna Rolleiflex yenye macho mawili, Leica ndogo iliyochakaa ngozi, Yashica moja au mbili. Na chini yake, katika bahasha zilizogeuka rangi, mna maelfu ya negativu.

Ndugu wa marehemu wakiulizwa mpwa amerithi nini, watajibu: kamera za mjomba. Jibu hilo ni la kweli, lakini limefunika zaidi ya lilichokifunua. Kwa hakika amepewa vitu vitatu, na kila kimoja kina hukumu yake: amepewa chombo, ameonyeshwa kivuli cha ujuzi, na amekabidhiwa nyuso za watu.

Chombo hakina utata mkubwa. Rolleiflex ilianza kutengenezwa mjini Braunschweig, Ujerumani, mwaka 1929. Leica iliingia sokoni mwaka 1925. Yashica za Kijapani zilikuja baadaye kwa bei nafuu zaidi. Ni vyuma, vioo na ngozi, vilivyonunuliwa kwa fedha halali, na mrithi ana haki ya kuviuza, kuviazima au kuvipanga kabatini. Hata bahati ya hali ya hewa ipo upande wake. Pwani na visiwani, joto na unyevu hukuza kuvu ndani ya lenzi hata kioo kikawa na utando kama wa buibui. Iringa, iliyoinuka kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Mbeya iliyoinuka zaidi yake, zina baridi inayokawiza uharibifu huo. Si ajabu basi kamera iliyolala miaka thelathini kabatini huko ikaamka ikiwa nzima. Na filamu ya namba 120, ambayo kampuni ya Kodak iliitoa kwanza mwaka 1901, bado inatengenezwa hadi leo, ijapokuwa Kodak yenyewe ililazimika kuomba kinga ya mufilisi mwaka 2012. Mrithi akitaka, kamera ya mjomba itapiga picha tena.

Ujuzi nao una hukumu nyepesi, japo hukumu hiyo si ya kufurahisha: ujuzi haurithiwi. Anayeitumia Rolleiflex huishika usawa wa kifua au tumbo na kuinamisha kichwa kutazama kioo cha juu, ambamo kulia huonekana kushoto na kushoto huonekana kulia. Mteja akisogea upande mmoja, sura yake kiooni huenda upande wa pili. Mkono wa mzee ulikwisha kuzoea uongo huo na kuusahihisha bila kufikiri. Mpwa atayumba nao mpaka ajifunze mwenyewe, kwa filamu zake mwenyewe na makosa yake mwenyewe. Katika filamu ya 120 atapata picha kumi na mbili tu za mraba, na kila moja ina gharama. Uchache huo ndio uliomfundisha mzee kumtazama mtu kabla ya kubonyeza. Huenda mrithi akajifunza adabu hiyo hiyo, na huenda asijifunze. Sheria ya mirathi haina la kusema hapo.

Yamebaki mafungu ya negativu, na hapo ndipo penye swali.

Wapo watakaosema kuwa negativu nazo ni mali, kwa sababu marehemu alinunua filamu, alinunua dawa, alikesha katika chumba cha giza, na sanaa ile ilikuwa yake. Hoja hii si ya kupuuzwa. Sheria ya hakimiliki, Tanzania Bara na Zanzibar kadhalika, humtambua mpiga picha kuwa mwenye kazi yake, na haki hiyo huweza kupita kwa warithi. Lakini haki ya kuzuia wengine wasiinakili kazi yako ni jambo moja, na haki ya kuufanyia uso wa mtu lolote utakalo ni jambo jingine. Mshonaji ana haki na mshono wake. Hana haki na siri za mwili alizozijua alipokuwa akiuchukulia vipimo.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa studio wote wa zamani walilijua, na ambalo leo limesahauliwa kwa sababu simu imeziondoa negativu katika maisha ya watu. Kwa nini mpiga picha alizihifadhi negativu za wateja wake? Hakuzihifadhi kwa ajili ya historia, wala kwa ajili ya maonyesho. Alizihifadhi ili mteja akirudi mwaka wa pili akasema, "Mama yangu naye anataka nakala moja," aipate. Mteja alikuwa amelipa. Alichukua karatasi yake akaenda nayo, na akaacha nyuma ile sehemu ya picha inayozaa picha nyingine, kwa imani kwamba haitatumiwa ila kwa ajili yake. Hiyo si mali iliyotelekezwa. Katika Kiswahili cha kila siku, hiyo inaitwa amana.

Lakini si kila uso uliomo katika sanduku uliingia kwa mlango huo. Haki inataka watu waliomo humo wapangwe katika mafungu matatu. Wapo waliolipa: bibi na bwana arusi, mfanyakazi wa reli ya TAZARA aliyetaka picha ya kuwapelekea wazazi, mwanafunzi aliyehitaji picha ndogo ya cheti. Wapo walioombwa, wakakubali: jirani aliyeketi mlangoni, mchuuzi wa sokoni aliyecheka akasema piga. Na wapo ambao hawakuulizwa: wafungwa, wagonjwa, waliokufa, watoto wa watu waliosimamishwa mbele ya kamera kwa amri. Wa kwanza waliweka amana. Wa pili walitoa ruhusa, na ruhusa ina mipaka yake. Wa tatu walichukuliwa.

Kuhusu kuchukuliwa, Iringa haihitaji mwalimu kutoka nje. Mtwa Mkwawa, aliyewashinda Wajerumani Lugalo mwezi wa Agosti mwaka 1891, alipokufa mwaka 1898 kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu chake cha 246, uliitaka Ujerumani ilirejeshe fuvu hilo. Ikapita miaka thelathini na mitano. Mwaka 1954 Gavana Edward Twining ndiye aliyelileta Kalenga, baada ya kulitafuta katika makumbusho ya mji wa Bremen. Humo alikuta mafuvu mengi, na hakuna lililokuwa na jina la Mkwawa. Likateuliwa moja kwa kulinganisha vipimo vyake na vipimo vya vichwa vya jamaa zake waliokuwa hai.

Picha si fuvu, na mzee wa studio hakuwa askari wa mkoloni. Hata hivyo kisa cha Kalenga kina fundisho linalolihusu sanduku la bati moja kwa moja. Waliochukua walikuwa na kabati, walikuwa na rafu, walikuwa na elimu ya kuhifadhi mifupa isioze. Kitu kilikuwapo kizima. Kilichokosekana ni jina. Na kwa kukosekana jina, hata siku haki ilipotaka kutendeka, ilibidi itendeke kwa kukisia. Wahenga walikwisha kusema: mali bila daftari huisha bila habari. Watu nao, bila daftari, hugeuka mifupa na picha za mtu yeyote.

Ndivyo ilivyo kwa picha nyingi za zamani za Nyanda za Juu. Wamisionari wa Kimoravian walifika Unyakyusa mwaka 1891 wakaweka kituo Rungwe, na katika miaka iliyofuata picha za huko zilisafiri mpaka Herrnhut, Ujerumani, makao ya kanisa lao, zinakohifadhiwa. Nyingi zimekwisha kuingizwa katika intaneti kwa njia ya hazina ya picha za kimisionari iliyo katika Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, na leo kijana wa Tukuyu anaweza kuzitazama kwa simu yake. Hilo ni jema, wala si dogo. Lakini katika picha za zama hizo ni kawaida kwamba Mzungu aliyemo ana jina, na waliosimama kando yake wana kabila tu. Kijana atazame apendavyo. Huenda anamtazama bibi wa bibi yake, na hana njia ya kujua.

Hapa mwenye kupenda historia atainua mkono. Atasema: kama kila negativu ni amana ya aliyemo, basi hapana kitakachoonyeshwa, hapana kitabu kitakachochapwa, na historia ya mikoa hii itaendelea kuandikwa kwa picha za wageni peke yake. Je, si bora mrithi alipeleke sanduku zima kwenye makumbusho, kwa mfano Boma la Iringa, lile jengo ambalo Wajerumani walilijenga mwaka 1900 na ambalo mwaka 2016 lilifunguliwa kuwa makumbusho ya mkoa? Na je, si kweli kwamba wengi wa waliopigwa wamekwisha kufa, na maiti hana haya?

Swali la kwanza lina uzito, nalo litajibiwa mbele kidogo. La pili lina kosa. Maiti huenda hana haya, lakini ana watoto. Na picha haikai na maana moja. Msomaji wa visiwani anajua vyema kwamba picha iliyokuwa fahari mwezi wa Desemba 1963, ya kijana aliyevaa sare ya serikali ya Sultani akaketi wima mbele ya pazia la studio, iliweza kuwa hatari mwezi wa Januari 1964. Hakuna kilichobadilika katika picha. Nchi ndiyo iliyobadilika. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio Unguja mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaja kuirithi kazi. Mrithi wa studio ya namna hiyo harithi picha za wakati uliopita tu. Hurithi pia wajibu wa kupima kila mara wakati uliopo utaifanyia nini picha ile. Bara nako hali ni hiyo hiyo. Picha ya msichana wa Mbeya aliyepigwa katika miaka ya 1960 na gauni fupi, akicheka, huenda leo ni ya bibi anayeheshimika kanisani au msikitini. Hajaikana. Lakini hakuulizwa kama anataka itundikwe ukutani katika hoteli ya watalii.

Dunia imekwisha kuona nini hutokea pale swali hili lisipoulizwa. Vivian Maier, mwanamke aliyefanya kazi ya kulea watoto wa watu mjini Chicago, alipiga picha zaidi ya laki moja na karibu hakumwonyesha mtu. Mwaka 2007 aliposhindwa kulipia kodi ya ghala alimoweka vitu vyake, masanduku yake yaliuzwa mnadani. Alifariki mwaka 2009 bila kujua kwamba yu karibu kuwa maarufu. Baada yake palikuwa na vitabu, maonyesho, filamu, na kesi juu ya nani hasa ni mrithi wake. Ubishi ulikuwa juu ya haki za mpiga picha. Watu wa barabarani waliomo katika picha zile hawakuwa na wakili. Kwa upande wa pili yupo Mfaransa Roland Barthes, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1980 juu ya upigaji picha alisimulia kwa kirefu picha moja ya mama yake alipokuwa mtoto wa miaka mitano, na akakataa kuichapa. Kwa wasomaji, alisema, ingekuwa picha ya kawaida tu; jeraha lilikuwa lake. Kitabu hakikupungukiwa. Huenda ukurasa usio na picha ile ndio unaokumbukwa zaidi.

Baina ya kuuza yote na kuficha yote ipo njia, na njia hiyo huanza kwa kubadilisha swali. Mrithi asiulize kwanza, "Picha hizi ni za nani?" Swali hilo litampeleka mahakamani, au litamrudisha kwenye ubinafsi wake. Aulize, "Picha hii ilipigwa kwa ajili ya nani?" Picha ya arusi ilipigwa kwa ajili ya ukoo mbili. Picha ya cheti ilipigwa kwa ajili ya ofisi. Picha ya mkutano wa hadhara, ya treni ya kwanza, ya soko lililojaa, ilipigwa kwa ajili ya wote waliokuwapo na watakaokuja. Kwa swali hilo mpwa ataweza kulipanga sanduku: hizi zinaweza kwenda Boma hata kesho, hizi hazitoki mpaka mwenyewe au mwanawe aulizwe, hizi, za wale waliochukuliwa bila kuulizwa, zifungwe mpaka apatikane mtu wa kuzisemea. Naye mwenye kupenda historia amekwisha kujibiwa: hapana aliyesema historia ifutwe, imesemwa tu kwamba ipite mlangoni na kubisha hodi. Kurejesha nako hakuna hasara. Negativu hutoa nakala bila kupungua. Ukoo ukipewa picha yao, sanduku halijawa tupu.

Litabaki fungu la wasiojulikana, na hilo ndilo litakalomsumbua zaidi. Hapo atakutana na jambo linalopaswa kumnyima usingizi kuliko kuvu na kutu. Filamu ya asetati ikianza kufa hutoa harufu ya siki, na mwenye pua huonywa mapema. Pakavu na penye baridi, bahasha zile zinaweza kusubiri miaka mingine mingi. Lakini mzee wa miaka themanini na mitano anayeishi Kihesa au Mwanjelwa, ambaye leo angeitazama picha akasema, "Huyu ni fulani, aliolewa Makambako, na huyu ni mdogo wake," hatoi harufu ya onyo. Anaondoka tu, na majina arobaini yanaondoka pamoja naye.

Kwa hiyo wajibu wa kwanza wa mrithi si kununua dawa za kusafisha lenzi, wala kutafuta bei ya Leica kwa wakusanyaji wa ng'ambo. Ni kununua daftari. Akae na wazee, awapitishie nyuso moja moja, aandike jina, mahali, na la muhimu zaidi, mtoto au mjukuu anayeweza kuulizwa. Kazi hiyo haina utukufu, na hapana jumba la maonyesho litakaloitangaza. Itamchukua miaka. Katika miaka hiyo atabisha hodi katika nyumba ambazo hakutarajia kuingia, na kwingine atapokewa kwa machozi, kwingine kwa shaka, na pengine ataambiwa waziwazi: picha hiyo ichomwe. Atalazimika kuisikia kauli hiyo kwa uzito ule ule aliousikia nao uchangamfu wa wengine, maana mwenye amana akiitaka amana yake haulizwi sababu.

Mzee wa studio aliinamisha kichwa kila alipomtazama mteja katika Rolleiflex, kwa kuwa kamera ile haikumruhusu kutazama kwa namna nyingine. Mpwa wake halazimishwi na chombo chochote. Akiinama mbele ya watu wale, atakuwa ameinama kwa hiari, na huo ni urithi ambao hakuna hakimu awezaye kumgawia.